Namna ya Kujiwekea Malengo ya Kumaliza Madeni ya Nyumbani kwa Kufuata Msimu

Familia nyingi za Nyanda za Juu Kusini hazina mwisho wa mwezi. Mkulima wa mpunga wa Usangu hushika fedha za maana kati ya Mei na Julai, wa mahindi wa Iringa na Njombe huanza kuuza Julai, na anayelima vinyungu, yaani bustani za bondeni zenye unyevu, hupata kidogo kidogo wakati wa kiangazi, kila anapovuna fungu la mboga au mahindi mabichi. Marejesho ya mikopo, kwa upande wake, hayaangalii msimu. Ndiyo maana malengo mengi ya kulipa madeni huvunjika mapema: mtu huahidi Januari kwamba atalipa shilingi 50,000 kila mwezi, kisha inapofika Februari, watoto wameshaingia shule, mbolea ya kukuzia inahitajika na mahindi bado hayajabeba, anakuta hana hata 10,000 ya ziada. Kinachoshauriwa hapa ni kwamba kila lengo lifungwe kwenye fedha inayojulikana itatoka wapi na itaingia lini, na kwamba nyumba isimwahidi mdai yeyote tarehe ambayo shamba au biashara haiwezi kuitimiza.

Daftari la madeni

Kazi ya kwanza ni kuyaandika madeni yote mahali pamoja, mume na mke wakiwa wamekaa pamoja, kwa sababu katika nyumba nyingi kila mmoja ana deni ambalo mwenzake halijui. Tahadhari: jioni hiyo isigeuzwe kuwa baraza la kulaumiana, maana atakayeaibishwa kwa deni la kwanza atalificha la pili. Kwa kila deni andikeni anayedai, kiasi kilichobaki, riba au ongezeko lake, tarehe ya mwisho, dhamana iliyowekwa na jina la mdhamini. Andikeni pia vile vitu ambavyo watu hawaviiti madeni, kama vile daftari la dukani, ada iliyobaki, mchango wa harusi ulioahidiwa, na gunia la mpunga lililouzwa likiwa bado shambani. Hilo la mwisho liandikwe kwa thamani ya bei ya mavuno na si kwa fedha mliyopokea. Aliyepewa 50,000 mwezi Februari kwa gunia ambalo Juni litauzwa 80,000, anadaiwa 80,000.

Tuchukue familia ya mfano inayoishi Uyole, Mbeya, ambako mama anauza mchele sokoni na baba analima viazi na mahindi upande wa Isyonje. Wana mkopo wa kurejesha kila siku wa shilingi 300,000, ambao kwa siku 30 watarejesha 13,000 kila siku, yaani 390,000. Wana mkopo wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, wa 600,000, unaorejeshwa 220,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Muuzaji wa pembejeo anawadai mbolea ya 240,000 hadi mavuno, dukani wanadaiwa 85,000, na kwenye simu kuna 40,000 inayolipwa 44,000. Fedha waliyokopa ni 1,265,000, na watakayolipa ni 1,419,000. Ongezeko lote ni 154,000, na kati ya hizo 90,000 zinatoka kwenye mkopo mmoja tu, ule wa kila siku, ambao haufikii hata robo ya fedha yote waliyokopa.

Mkopo huo, ambao mitaani unaitwa kausha damu, unastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Mkopeshaji atakwambia kwamba riba ni asilimia 30. Lakini kwa kuwa unaanza kurudisha fedha siku inayofuata, kwa wastani wa mwezi mzima unakuwa umeshika karibu nusu tu ya ile 300,000, na kwa hesabu hiyo riba halisi inakaribia asilimia 60 kwa mwezi. Sasa mwangalie mama huyo mezani kwake. Ananunua mchele kwa 2,200 kwa kilo na kuuza 2,500, hivyo faida yake ni 300. Ili faida peke yake ifikie 13,000 ni lazima auze kilo 44 kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo, kabla ya ushuru wa soko, nauli na mboga ya nyumbani. Akiuza kilo 30 anapata 9,000, na zile 4,000 zinazopungua anazichota kwenye mtaji. Mwezi ukiisha, mtaji umepungua kwa 120,000 hata kama nyumbani hawakula chochote kutoka kwenye biashara hiyo, na siku hiyo hiyo anarudi kukopa tena ili ajaze meza. Akizunguka hivyo mara tatu, atakuwa amemwachia mkopeshaji 270,000.

Lipi lianze

Wapo wanaoshauri kuanza na deni dogo kuliko yote ili mtu apate moyo. Ushauri huo haufai pale ambapo deni dogo ni la dukani lisilo na riba na deni kubwa linaongezeka kila siku. Kwa maoni ya mwandishi huyu, deni linalokula haraka ndilo la kwanza, na lengo lake liandikwe kwa namna ya pekee: kulimaliza bila kulianza upya. Kwa mama wa mfano wetu maana yake ni kukubali meza iwe ndogo kwa muda, auze mchele wa mtaji alionao hata kama ni gunia moja badala ya matatu, hadi viazi vya mumewe vichimbwe.

Deni la kikoba linafuata, ingawa riba yake ni ya wastani, kwa sababu dhamana yake ni majirani. Usipolipa, wanakikundi wenzako ndio wanaolipa, na siku ya kuvunja kikoba, ambayo kwa vikundi vingi huwa Desemba, kilichobaki hukatwa kwenye hisa zako. Aliyekuwa akilitegemea gawio hilo kwa sare na madaftari ya Januari atajikuta anakopa tena, mara nyingi kwa yule yule wa kila siku. Kwa hiyo rejesho la kikoba liendelee kulipwa wakati wote, hata kama nguvu kubwa imeelekezwa kwingine. Muuzaji wa pembejeo na mwenye duka wanaweza kusubiri, mradi waambiwe ukweli.

Watumishi wa umma wana njia fupi zaidi, kwa kuwa mshahara unajulikana na utaratibu unawataka wabaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Mwalimu au muuguzi aanze na kile kinachobaki mkononi na si na kilichoandikwa kwenye barua ya ajira, akikumbuka kwamba mwenye mkopo wa elimu ya juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara kabla hajaanza kupanga lolote. Anayemwachia mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri hana lengo analoweza kujiwekea hadi kwanza aichukue tena kadi hiyo.

Kuandika lengo lenyewe

Sentensi kama «mwaka huu tutapunguza madeni» haimbani mtu yeyote. Lengo linaloweza kufuatiliwa hutaja deni, kiasi, tarehe na chanzo cha fedha. Familia ya Uyole inaweza kuandika hivi: «Kufikia tarehe 30 Aprili tutakuwa tumemaliza mkopo wa kila siku na hatutaukopa tena, fedha zitatoka kwenye faida ya mchele na viazi vya Aprili. Kufikia tarehe 31 Julai tutakuwa tumemaliza kikoba. Kufikia tarehe 31 Agosti tutalipa mbolea yote na duka, kwa magunia ya mahindi.» Andikeni tarehe wiki mbili baada ya siku mnayotegemea kuuza, kwa sababu mvua huchelewesha kuchimba, barabara za juu huteleza, na wanunuzi wenye malori hawaji siku mnayotaka ninyi. Kadirieni bei kwa chini. Anayepanga kwa bei ya juu ya mwaka jana amepanga kwa fedha ambayo hana, na kama wanunuzi wa eneo lenu bado wanadai lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hesabuni debe zinazotoka kweli shambani na si idadi ya magunia.

Swali linaloleta mabishano makubwa nyumbani ni kama mahindi yauzwe Julai ili kulipa deni, au yatunzwe hadi Januari bei inapopanda. Kwanza tengeni chakula cha nyumbani. Hakuna deni linalostahili kulipwa kwa mahindi ya kula, kwa sababu mtayanunua Februari kwa bei mbaya na kwa fedha ya kukopa. Kwa magunia yanayobaki, linganisheni kasi mbili. Ikiwa gunia ni 60,000 Julai na mnatarajia 84,000 Januari, ongezeko ni asilimia 40 kwa miezi sita, takriban 6.7 kwa mwezi, kabla ya kutoa gharama za mifuko mizuri ya kuhifadhia na hasara ya dumuzi, mdudu anayekula nafaka ghalani. Deni linalokula karibu asilimia 60 kwa mwezi haliwezi kusubiriwa na mahindi ya namna hiyo: yauzwe. Mkopo wa kikoba wa mfano wetu, ukihesabu kwamba unapungua kila mwezi, unagharimu asilimia 5 kwa mwezi, na hapo tofauti ni ndogo kiasi kwamba wenye ghala lisilovuja wanaweza kutunza na wenye ghala bovu wauze. Deni la duka lisilo na riba lisiwafanye muuze mahindi yote Julai, ila mwenye duka asikae mwaka mzima bila kuona chochote, mpelekeeni sehemu.

Kuzungumza na anayedai

Nendeni kabla ya tarehe, kwa miguu yenu na si kwa ujumbe wa simu, na nendeni na kitu mkononi, hata kama ni 20,000. Kwa muuzaji wa mbolea mnaweza kusema: «Shikamoo baba. Deni lako la laki mbili na arobaini tunalikumbuka. Mahindi yatakuwa yamepukuchuliwa katikati ya Agosti. Tunaomba tukuletee laki moja na nusu wiki hiyo, na iliyobaki kabla ya mwezi kwisha. Leo tumekuja na hii kidogo, tunaomba uiandike.» Wengi hukubali, kwa kuwa anayekuja mwenyewe ni tofauti na anayezima simu. Mkikubaliana, andikeni kwenye daftari lake na lenu, na wote wawili mweke sahihi.

Kuhamisha deni, yaani kuchukua mkopo wa riba ndogo kwenye SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) ili kuua mkopo wa kila siku, kunafaa kwa masharti mawili: fedha iende moja kwa moja kwa mdai wa zamani bila kupita sokoni, na tarehe za rejesho jipya ziendane na mavuno. SACCOS nyingi hukopesha mara mbili au tatu ya akiba ya mwanachama, hivyo asiyeweka akiba leo hana mlango huo kesho. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Aanzaye aende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mikopo hiyo ni ya mradi wa kikundi. Anayeichukua kulipia madeni ya nyumbani anawaingiza wenzake shimoni.

Kabla ya kukubali mkopo wowote mpya, ulizeni leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji binafsi na kampuni zisizopokea amana wawe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na Novemba 2024 benki hiyo ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Mkopeshaji anayekataa kutoa nakala ya mkataba, au anayetishia kuwapigia simu watu waliomo kwenye simu yako, anaweza kulalamikiwa. Benki Kuu ina tawi Mbeya mjini.

Kufuatilia

Jumapili moja kila mwezi inatosha kulifungua daftari, kufuta kilicholipwa na kurekebisha tarehe ambazo shamba limezikataa. Michango ya harusi na rambirambi iwekewe kiwango cha mwezi kinachojulikana na wote wawili, ili anayepokea kadi ya mwaliko ajue cha kujibu bila kugombana. Msiba hauna ratiba, hivyo acheni akiba ndogo kwa ajili yake badala ya kujifanya hautatokea.

Deni linapokwisha, dai risiti au sahihi inayosema limekwisha, chukua tena hati ya kiwanja, kadi au runinga iliyowekwa dhamana siku hiyo hiyo, na mpe taarifa mdhamini. Rejesho lililokuwa likienda huko lihamie kwenye deni linalofuata kabla nyumba haijalizoea. Madeni yakiwa yamekwisha Agosti, fungu la kwanza la mahindi yatakayouzwa Septemba liwe la mbolea: jiandikisheni au hakikisheni taarifa zenu kwa mtendaji wa kijiji mapema, kwa sababu mbolea ya ruzuku, iliyoanza msimu wa 2022/2023, huuzwa kwa wakulima waliosajiliwa, na atakayeingia Novemba na fedha taslimu mkononi hatahitaji kuandikwa tena kwenye daftari la muuza pembejeo.