Mtoto Amefukuzwa Shule Uingereza: Jinsi ya Kuomba Uamuzi Upitiwe Upya

Mzazi aliyekulia Tanga, Mombasa au Bujumbura akipigiwa simu kwamba mwanawe kapigana shuleni, anajua la kufanya. Atavaa vizuri, atakwenda kwa mkuu wa shule, ataomba radhi kwa niaba ya mtoto, ikibidi aongozane na mjomba mwenye heshima zake, na jambo litaisha kiutu uzima. Huku England njia hiyo inaweza kukuponza. Radhi uliyoiomba kabla hujaona ushahidi inaweza kuandikwa kwenye faili kwamba mzazi amekubali kosa, na siku bodi ya shule ikikaa, ukurasa huo utakuwa mbele yao. Bodi inakaa kukagua uamuzi wa mkuu wa shule: je, ulikuwa halali, ulikuwa wa haki, na adhabu ililingana na kosa? Wewe unakwenda pale kuhoji, kwa adabu, lakini kuhoji.

Ninayoeleza hapa yanahusu shule za serikali za England, pamoja na zile zinazoitwa akademi, yaani zinazoendeshwa na taasisi badala ya halmashauri. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao. Shule za kulipia zinafuata mkataba uliousaini ulipomwandikisha mtoto, kwa hiyo anza kwa kuusoma huo.

Kwanza, barua

Adhabu ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kusimamishwa masomo kwa siku zinazotajwa, na mtoto hawezi kusimamishwa zaidi ya siku 45 kwa jumla ndani ya mwaka mmoja wa shule. Ya pili ni kufukuzwa moja kwa moja. Zote mbili hutolewa na mkuu wa shule tu, au anayekaimu nafasi yake. Mwalimu wa darasa au mkuu wa kidato hana mamlaka hayo. Lazima upewe barua bila kucheleweshwa, na ndani yake sababu, muda wa adhabu, haki yako ya kupeleka hoja kwa bodi, na namna ya kuzipeleka.

Ukipigiwa simu ukaambiwa "mchukue akapumzike nyumbani siku mbili tatu, hasira zishuke," halafu hakuna barua, hiyo si ruhusa ya kawaida. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu za kinidhamu bila kuandika rasmi ni kinyume cha sheria, hata kama mzazi amekubali. Jioni hiyo hiyo tuma barua pepe fupi: je, mwanangu amesimamishwa? Kama ndiyo, naomba barua. Kama hapana, kesho atakuwa darasani.

Katika siku tano za mwanzo za adhabu, ni jukumu lako kuhakikisha mtoto haonekani maeneo ya umma saa za shule bila sababu ya msingi. Ukilipuuza unaweza kutozwa faini. Kwa hiyo usimtume dukani saa nne asubuhi, wala usimpeleke kwa kinyozi. Kuanzia siku ya sita lazima apate masomo ya kutwa: akiwa amesimamishwa, shule ndiyo inayompangia, akiwa amefukuzwa, ni halmashauri, ile ambayo wengi wetu tunaiita kaunsili.

Usisaini karatasi ya kumtoa

Hili ndilo linalowapoteza wazazi wetu zaidi, kwa kuwa linakuja na sauti ya upole. Utaambiwa: "Ukimtoa mwenyewe, faili lake litabaki safi. Mfundishe nyumbani kwa muda, halafu utafute shule nyingine." Ukisaini, kisheria mtoto hakufukuzwa, umemwondoa wewe. Haki ya kwenda mbele ya bodi inakufa hapo hapo, na kazi ya kumsomesha imekuangukia wewe. Shule hairuhusiwi kumshinikiza mzazi hivyo. Upo pia uhamisho wa makubaliano kati ya shule mbili, na kuna watoto ambao umewafaa kweli, lakini lazima uwe wa hiari yako. Jibu la kutoa ni moja: "Ahsante, naomba pendekezo hilo kwa maandishi, nitalijibu baada ya kupata ushauri."

Ushauri upo wa bure. Barua yenyewe inatakiwa ikuelekeze pa kuupata. Coram Child Law Advice wanatoa maelezo ya sheria za watoto, na kila halmashauri ina huduma ya kuwashauri wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu ya kielimu, inayojulikana kama SENDIASS.

Hesabu siku za shule

Tarehe zote za bodi zinahesabiwa kwa siku ambazo shule imefunguliwa. Wikendi na likizo hazimo.

Mtoto akifukuzwa moja kwa moja, bodi lazima ikutane ndani ya siku 15 za shule, uombe usiombe. Ni hivyo hivyo siku za kusimamishwa zikijumlishwa zikazidi 15 katika muhula mmoja. Zikiwa zaidi ya 5 lakini hazijazidi 15, bodi itakutana ukiomba tu, na ina siku 50 za shule kufanya hivyo. Usipoandika, nafasi hiyo imekupita. Zikiwa 5 au chini yake, bodi inawajibika kuzingatia hoja zako, lakini haiwezi kuagiza mtoto arudishwe. Andika hata hivyo. Barua hiyo itakaa kwenye kumbukumbu, na mwakani mtoto akisimamishwa tena utashukuru ipo. Adhabu ikimkosesha mtoto mtihani wa taifa kama GCSE, bodi inatakiwa ijitahidi kukaa kabla ya tarehe ya mtihani.

Ushahidi, hasa pale mtoto alipokuwa akionewa

Kisa kinachojirudia ni hiki. Mtoto anachekwa lafudhi yake, anaitwa majina ya rangi yake, anavutwa begi kwenye basi, na simu yake inajaa matusi ya kikundi. Anamwambia mwalimu, anaambiwa awapuuze. Miezi inapita. Siku moja anageuka na kurusha ngumi, na ngumi hiyo ndiyo peke yake iliyonaswa na kamera. Waonevu wanabaki darasani, yeye yuko nyumbani na barua.

Sheria haisemi kwamba aliyeonewa ana ruhusa ya kupiga. Lakini mwongozo wa serikali kwa wakuu wa shule unawataka waangalie yaliyochangia, uonevu ukiwemo, pia msiba au matatizo ya afya ya akili, na wamsikilize mtoto kabla ya kuamua. Sheria nayo inaidai kila shule ya serikali iwe na hatua za kuzuia aina zote za uonevu. Kwa hiyo swali lako kubwa ni hili: shule ilijua nini, lini, na ilifanya nini?

Siku hiyo hiyo uliyopokea barua, andika kuomba vitu hivi: sera ya nidhamu na sera ya kuzuia uonevu, kumbukumbu za nidhamu za mwanao, kumbukumbu za malalamiko ya uonevu aliyotoa yeye au wewe, maelezo ya mashahidi, yenye tarehe na saini hata kama majina ya wanafunzi wengine yamefichwa, na picha za kamera za usalama. Kamera ndiyo ya kukimbilia, maana picha hufutwa baada ya muda. Sema wazi: "Naomba zihifadhiwe hadi shauri hili liishe." Kwa sheria ya taarifa binafsi shule ina mwezi mmoja kujibu ombi la taarifa za mtoto. Bodi inaweza kukaa kabla ya hapo, basi taja tarehe ya kikao na uombe wawahi.

Kwa upande wako, piga picha ujumbe wa simu wenye tarehe. Chapisha barua pepe zako za zamani kwa shule. Kama ulilalamika kwa mdomo pale getini, andika leo unachokumbuka: mwezi gani, mwalimu yupi, alijibu nini. Kama daktari alimwona mtoto kwa kukosa usingizi au kuumwa tumbo kila Jumatatu, omba barua yake. Kisha kaa na mtoto, mwache aeleze kwa maneno yake, nawe uandike bila kumsahihisha.

Kuandika hoja

Barua itaandikwa kwa Kiingereza. Usione haya kumwomba mtu akusaidie. Kiingereza chepesi chenye tarehe kina nguvu kuliko maneno makubwa. Itume kwa karani wa bodi, ukurasa mmoja au miwili, kwa mpangilio kama huu:

*Mimi ni mzazi wa (jina, darasa). Naomba bodi imrudishe shuleni mwanangu aliyefukuzwa tarehe (…). Nitahudhuria kikao pamoja naye na mtu wa kunisindikiza. Naomba mkalimani wa Kiswahili.*

*Tunakubali kwamba alimsukuma mwanafunzi mwenzake. Hatukubali kwamba alianzisha ugomvi, kwa sababu (…).*

*Kabla ya siku hiyo tuliripoti uonevu tarehe (…), (…) na (…). Nakala zimeambatishwa. Hatukuonyeshwa hatua yoyote iliyochukuliwa.*

*Adhabu hailingani na kosa, kwa sababu (…). Hatua nyepesi ambazo hazikujaribiwa ni (…).*

Hiyo aya ya pili isikutishe. Kama alisukuma, aseme alisukuma. Ukikana jambo lililoko kwenye kamera, hakuna atakayeamini mengine yote. Kinachotakiwa ni kukubali kile kilichotokea tu, si kila kilichoandikwa.

Kwa kufukuzwa moja kwa moja, masharti ni mawili na yote lazima yatimie: kosa ni zito, au ni la kurudiarudia, dhidi ya sera ya nidhamu, na kubaki kwa mtoto kungeleta madhara makubwa kwa elimu au ustawi wake au wa wengine shuleni. Barua nyingi za shule hueleza la kwanza kwa kirefu na kulitaja la pili kwa sentensi moja. Ing'ang'anie sentensi hiyo. Fahamu pia kwamba kiwango cha ushahidi si kile cha kesi ya jinai. Inatosha ionekane kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa jambo lilitokea kuliko kutotokea.

Siku ya kikao

Utakuta wajumbe wa bodi, kwa kawaida watatu, mkuu wa shule, karani, na pengine mtu wa halmashauri. Nyaraka unapaswa kuwa umezipata siku tano za shule kabla, inapowezekana. Zikija usiku wa kuamkia kikao, sema hivyo mwanzoni na uombe iandikwe. Ukihitaji kikao kwa njia ya mtandao, unaweza kuomba.

Usimtumie mtoto kama mkalimani. Atatafsiri maneno yanayomhukumu, au atayaruka.

Mkuu wa shule ataeleza kwanza, nawe utamuuliza maswali. Andaa matano, usizidishe: Mwanangu alisikilizwa na nani kabla ya uamuzi? Wengine waliohusika walipewa adhabu gani? Malalamiko yetu yaliandikwa wapi? Matusi ya rangi yalichukuliwa kuwa ubaguzi, au utani? Kwa nini siku chache za kusimamishwa zisingetosha? Hutapewa majina ya watoto wengine wala huyahitaji.

Na hili niliseme kwa sababu nawajua watu wetu: usijitetee kwa kusema "nimeshamcharaza nyumbani, hatarudia." Kwetu neno hilo linaonyesha mzazi makini. Huku fimbo ilikoma katika shule za serikali mwaka 1987, na mwalimu akisikia mtoto amepigwa nyumbani anaweza kulazimika kuwaarifu maofisa wa ustawi wa watoto. Ulikuja kwa shauri moja, utaondoka na mawili.

Kama polisi nao wanachunguza tukio hilo, zungumza na mwanasheria kabla mtoto hajasema chochote kikaoni. Polisi wasipohusika, kufukuzwa shule si hukumu ya jinai, na bodi ya shule haina uamuzi wowote juu ya vibali vya kuishi. Hofu ya viza imewanyamazisha wazazi wengi bila sababu.

Bodi ikikataa: jopo huru

Kwa mtoto aliyefukuzwa moja kwa moja, una siku 15 za shule tangu upewe barua ya uamuzi wa bodi kuomba jopo huru la mapitio. Ombi lililochelewa hukataliwa. Linapelekwa kwa halmashauri, au kwa taasisi inayoendesha akademi. Barua itasema nani. Hulipi kitu. Kwenye ombi hilo hilo sema kama unataka mtaalamu wa mahitaji maalumu ya kielimu awepo. Ni haki yako hata kama shule haijawahi kukubali kuwa mtoto ana mahitaji hayo, na gharama yake si yako. Wakati wote huo jina la mtoto halifutwi kwenye daftari la shule.

Jopo lina watu watatu au watano, na mwenyekiti wake ni mtu ambaye hajawahi kuajiriwa shuleni. Halina uwezo wa kuagiza mtoto arudishwe. Linaweza kuukubali uamuzi, kupendekeza bodi ifikirie upya, au kuutengua na kuiagiza bodi ikae tena ndani ya siku 10 za shule. Bodi iliyotenguliwa uamuzi wake ikikataa tena kumrudisha mtoto, jopo linaweza kuagiza shule ikatwe pauni 4,000.

Ukiamini adhabu ilitokana na ubaguzi, kuna njia nyingine chini ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, na muda wake ni miezi sita: madai ya ulemavu huenda kwenye baraza maalumu la mahitaji ya kielimu na ulemavu, ya rangi au dini huenda mahakama ya kaunti. Wakati unasubiri, unaweza kuomba nafasi katika shule nyingine. Kufanya hivyo hakufuti ombi lako kwa jopo.