SOMO: Dawa ya kila siku inapunguza nini mwilini (soma kabla hujaniuliza "ninunue multivitamini gani?")

Swali hili naulizwa kwenye dirisha la dawa hapa Kirumba, Mwanza, naulizwa kanisani, naulizwa hata kwenye kivuko. Naandika mara moja.

1. Andika dawa zako zote: jina la kwenye boksi, dozi, umeanza lini. "Kile kidonge cheupe" si jina.

2. Jua dawa yako inagusa kirutubisho gani. Metformini ya sukari, vitamini B12. Omeprazoli ya asidi tumboni ikitumika muda mrefu, magnesiamu na B12. Lasix na wenzake wa kukojoza, potasiamu na magnesiamu. Prednisoloni ya pumu na uvimbe inadhoofisha mifupa. Fenitoini ya kifafa, vitamini D na asidi ya foliki. Isoniazidi ya TB inakula B6, ndiyo maana unapewa kile kidonge kidogo cha piridoksini, ndiyo B6 yenyewe. Kimeze, si pambo.

3. Ganzi ya miguu usiisingizie sukari peke yake. Hapa ndipo watu wanaumia. Mtu yuko kwenye metformini miaka, nyayo zinachoma kama amekanyaga pilipili, majirani wanasema "sukari imeshika mishipa", basi anavumilia. Inawezekana kweli ni sukari. Lakini upungufu wa B12 unafanana nayo kabisa, na mishipa ya fahamu ikiachwa muda mrefu inaweza isirudi. Ini lina akiba ya B12 ya miaka, kwa hiyo tatizo linakuja kimya, umeshasahau lini ulianza dawa. Omba kipimo cha B12.

ONYO: wingi wa damu kuwa sawa hakukuhakikishii kitu, mishipa inaweza kutangulia kuharibika. Na usijinunulie foliki ya dozi kubwa: inarekebisha damu, inaficha upungufu wa B12, huku mishipa inaendelea kuliwa. Wala usiache metformini!

4. Potasiamu usijinunulie. Dawa za presha na moyo kama losartani, enalaprili na spironolaktoni zinaibakiza mwilini, na ikizidi inaweza kusimamisha moyo.

5. Tenganisha saa. Chuma, kalsiamu na dawa za kutuliza asidi zinaikamata antibayotiki kama doksisaiklini au sipro (siprofloksasini) tumboni, haifiki ya kutosha kwenye damu. Meza antibayotiki muda wa saa mbili kabla ya hivyo vingine. Chuma usikisindikize na chai.

6. Peleka karatasi ya hatua ya 1 kwa daktari wako.

MASWALI

Dogo wa Igoma: Mkuu sijasoma yote. Natumia dawa za presha, nimeze vitamini gani?
Jibu: Dawa gani? Hatua ya 1.

Dogo wa Igoma: Za presha tu, za rangi ya pinki.
Jibu: Hatua ya 1.

Mjuaji Nyegezi: Unatisha watu waache dawa. Wewe ni daktari?
Jibu: Nionyeshe mstari nilioandika "acha dawa". Upo ulioandikwa "usiache", una alama ya mshangao.

Bibi Doto: Mwanangu, mimi natumia wafarini, ile ya kuzuia damu kuganda. Nimeambiwa nisiguse mchicha wala kisamvu. Kweli?
Jibu: Shikamoo bibi. Si kuacha, ni kutobadilisha ghafla. Mboga za majani zina vitamini K, nayo inavutana na wafarini. Ukila kiasi kilekile kila wiki, daktari anapanga dozi kulingana nacho. Hatari ni mwezi mzima bila mboga, kisha sufuria zima la matembele. Usikose kipimo cha kuganda kwa damu.

Mama Kulwa: Mimi nakula dagaa karibu kila siku, natumia metformini mwaka wa sita. B12 si ipo kwenye samaki?
Jibu: Swali zuri, dada. Ipo, na dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake anakupa kalsiamu pia. Ila metformini haiondoi B12 kwenye sahani, inazuia isifyonzwe mwisho wa utumbo mwembamba. Kwa hiyo dagaa wanasaidia, hawakuhakikishii. Mwaka wa sita, mimi ningepima hata bila ganzi.

Mama Kulwa: Nitapima. Ila dagaa wa soko la Mwaloni siku hizi mchanga mtupu!
Jibu: Tafuta walioanikwa kwenye chanja, bei iko juu kidogo. Wa mchangani loweka maji ya vuguvugu, wainue kwa mikono, usimimine: mchanga unabaki chini.

Fundi Buzuruga: Ongeza ndimu na unga kidogo wakati wa kuosha, shombo inaisha.
Jibu: Hiyo sikuijua. Unga wa mahindi au wa ngano?

Fundi Buzuruga: Mahindi.