Somo: Kupunguza dirii ya plastiki mpaka ikukae mwilini

Pasaka huangukia masika, na masika ya Moshi hayana huruma na askari wa Kirumi wa maboksi. Njia ya Msalaba inatoka uwanjani, mvua inateremka, na kabla hata Simoni Mkirene hajaitwa kikosi kizima kimelainika, rangi ya fedha inachuruzika mpaka kwenye ndala. Ndiyo maana wenye vikundi vya maigizo nimekuwa nikiwasukuma mhamie plastiki: pipa la bluu la lita 200 kwa dirii, yaani kifua na mgongo, bomba la PVC la inchi 4 kwa mikono na miguu.

Kupata vipande ghafi si kazi. Kuvikalisha mwilini ndiyo kazi, na hapo ndipo wengi wanaporuka. Wanakata kwa kufuata mchoro, mtu anasimama mbele ya kioo, amependeza, imetosha. Siku yenyewe anapiga magoti kulipigia kura lile vazi la Yesu, dirii inapanda na kumpiga kidevuni. Daudi naye aliivua deraya ya Sauli kwa sababu hakuweza kutembea nayo. Kwa hiyo hapa kila mstari tutauchora kwa mtu anayesogea: anakaa, anachuchumaa, anajikumbatia. Kioo kiwekeni kando kwanza.

Vifaa: mkasi wa bati, msumeno wa chuma, kisu kikali, tupa, msasa (namba 120 na 240), dreli, ripiti (vipini vya kubania) za milimita 4 na washa zake (visahani vyenye tundu), maka peni, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, futi ya fundi cherehani, lastiki pana, sponji. Mikanda na klipu za mabegi chakavu utazipata soko la Memorial pale Moshi, kwa wauza mitumba. Vaa miwani na barakoa unapokata na kupiga msasa, maana unga wa PVC si wa kuvuta. Na uwe na mwenzako. Huwezi kujichorea mstari wa kwapa mwenyewe.

Kuhusu pipa: chukua lililobeba chakula, mafuta ya kula au sabuni. Lililobeba dawa za shambani liache hukohuko, hata ukiahidiwa kwamba limeoshwa.

Jambo moja kabla ya kukata. Pipa na madumu kwa kawaida ni plastiki aina ya HDPE, alama yake ni namba 2 ndani ya pembetatu ya mishale. Bomba ni PVC, namba 3. Hazifanani tabia. PVC huanza kulegea kwenye nyuzijoto kama 80, na maji ya Arusha, kwa ule mwinuko wa mita 1,400 hivi, huchemka karibu na 95. Moshi iko chini zaidi kwa hiyo yanapanda kidogo. Kote kuwili sufuria la maji yanayochemka linatosha kulainisha ukingo wa bomba bila moshi wowote. HDPE inayeyuka kwenye 130 hivi, maji hayaifanyi kitu. Hiyo utaikata na kuifunga tu, umbo ulilolikuta kwenye pipa ndilo hilo. Anayelainisha PVC kwa jiko la mkaa afanye nje, aliinue bomba mbali na makaa na kulizungusha. Likianza kugeuka kahawia na harufu inachoma pua, ondoka: hewa hiyo ina tindikali.

Hatua ya 1: Valia nguo za ndani na sponji kwanza. Vaa ile kanzu fupi utakayoigizia, na chini yake fulana ya pamba. Kama utabandika sponji ndani ya dirii, ibandike sasa hivi kwa tepu. Sponji ya sentimita 1 ikizunguka mwili mzima inaongeza zaidi ya sentimita 6 kwenye mzunguko, na anayepima bila hiyo atajikuta amefunga mbavu zake kama mzigo wa kuni.

Hatua ya 2: Ning'iniza kwa kimo sahihi. Unganisha kifua na mgongo kwa vipande viwili vya tepu vinavyopita mabegani. Pandisha, shusha, mpaka sehemu pana ya dirii ilingane na sehemu pana ya kifua. Usikate chochote kabla ya hapa. Dirii iliyoning'inia chini kwa sentimita 3 itakudanganya kwamba kiuno kinahitaji kukatwa na shingo iko sawa, kumbe ni kinyume chake.

Hatua ya 3: Shingo. Inamisha kichwa mpaka kidevu kiguse kifua. Mwenzako achore mstari vidole viwili chini ya mahali mitulinga, ile mifupa ya chini ya shingo, inapokutana. Kata, maliza, songa mbele.

Hatua ya 4: Kwapa. Hapa tukae kidogo.

Karibu kila dirii niliyoletewa kurekebisha ilikuwa pana mno mbele ya mabega. Sababu ni kwamba mtu akisimama mikono ikiwa chini, kifua kinaonekana kipana, na mkataji anataka kukifunika chote. Lakini askari hasimami hivyo. Anashika mkuki, anasukuma watu, anainua msalaba. Mikono ikija mbele, misuli ya bega inaingia ndani na kukutana na plastiki.

Kwa hiyo jikumbatie: mkono wa kulia ushike bega la kushoto, wa kushoto ushike la kulia. Mwenzako atafute mkunjo wa ngozi unaojitokeza mbele ya kwapa, aweke alama ya tepu vidole viwili ndani ya mkunjo huo kuelekea katikati ya kifua. Rudisha mikono, uinue juu kabisa kama mtu anayening'inia kwenye mwembe, achore tena pale plastiki inapogusa sehemu ya ndani ya mkono. Unganisha alama hizo kwa mstari wa mviringo. Utaona shimo limekuwa kubwa hadi la kutia aibu. Usiogope, vipande vya bega vitalifunika, ndiyo kazi yake.

Sasa usikate kwenye mstari. Kata sentimita 1 kabla ya kuufikia, vaa, jikumbatie tena, kisha shuka nusu sentimita nusu sentimita. Baada ya kila mpunguzo rudia mwendo uleule, maana kwapa likipungua dirii nzima inatulia upya na mstari wa zamani hauna maana tena. Fanya upande mmoja mpaka ukamilike, halafu uuhamishie upande wa pili kwa kipande cha gazeti ulichokigeuza. Na kona zote za ndani ziwe za duara. Kona kali kwenye plastiki ndipo ufa unapoanzia, hasa PVC, na hasa asubuhi za baridi ambapo plastiki inakuwa ngumu. Ukilazimika kuwa na kona, toboa tundu kwanza kwa dreli, kisha kata kuelekea kwenye tundu.

Mgongo unaweza kubaki mpana kuliko kifua. Viwiko virudishwe nyuma tu, uone kama mabapa ya mabega yanakwaruzwa.

Hatua ya 5: Kiuno. Kaa kwenye kiti cha chini, kile cha jikoni. Mapaja yataisukuma dirii juu. Chora mstari pale inapoacha kusukumwa. Kwa watu wengi ni kitovuni au juu yake kidogo. Wengi hulalamika kwamba inaonekana fupi. Ni fupi, na hata ile dirii ya mabamba ya chuma waliyovaa askari wa Kirumi iliishia kiunoni, chini yake ni kanzu na mkanda wenye vipande vya ngozi vinavyoning'inia. Walikuwa wanatembea na kuchimba mahandaki, si kupigwa picha.

Hatua ya 6: Mbavu. Acha pengo la vidole vitatu kila upande kati ya kifua na mgongo, usilikutanishe kabisa. Pengo hilo ndilo pumzi yako, na ndilo njia ya jasho kutoka. Upande wa kushoto funga kwa lastiki iliyopigwa ripiti moja kwa moja, kulia weka klipu za begi ili mtu aweze kuvaa na kuvua. Mabegani tumia mkanda wa ngozi. Kila ripiti iwe na washa upande wa mkanda na upande wa plastiki, la sivyo itang'oka. Kichwa laini cha ripiti kielekee mwilini, mkia uwe nje.

Hatua ya 7: Vigasha (chini ya viwiko) na miundi (chini ya magoti). Bomba la inchi 4 lina kipenyo cha milimita 110, yaani mzunguko wake ni kama sentimita 34 na nusu. Lipasue kwa urefu kwa msumeno. Kwenye kigasha litakuwa kubwa, utapunguza. Kwenye muundi litaacha uwazi nyuma ya mguu, na uwazi huo tunautaka.

Kigasha: kunja kiwiko mpaka mwisho, acha vidole viwili kutoka kwenye mkunjo. Upande wa mkono, mfupa wa kifundo ubaki nje. Muundi: chuchumaa. Ukingo wa chini uishe vidole vitatu juu ya pale mguu unapojikunja, wa juu uishe chini ya goti kabisa. Anayetaka kufunika goti atengeneze kipande chake peke yake, kining'inie kwa ngozi.

Ukishapata urefu, tumbukiza ukingo mmoja kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, uvae glovu, upanue kidogo kwa nje kama mdomo wa tarumbeta, halafu maji baridi. Ukingo uliopanuliwa haukati ngozi hata kama umekosea kipimo kidogo. Kwa umbo la shavu la mguu, lainisha bomba zima na ulivishe juu ya mguu uliofungwa taulo nene. Kamwe usivishe plastiki ya moto kwenye ngozi tupu.

Hatua ya 8: Kingo. Tupa, msasa 120, msasa 240. HDPE haipendi msasa, inatoa nywele. Ikwangue kwa makali ya kisu ukikisimamisha wima. Pitisha shingo na kwapa kwenye shavu lako. Kama shavu linakataa, kwapa litakataa zaidi baada ya saa mbili za jua.

Rangi ni mwisho wa yote. Sasa kioo kirudi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Majengo, Moshi): Shikamoo mwalimu. Akida wetu ni mzee wa kanisa, ana kitambi cha heshima. Vipande vya pipa tulivyokata havimzunguki. Tukate mapipa mawili?

Marahaba. Msikate mawili. Mwacheni mzee na tumbo lake. Dirii yake iishie pale kitambi kinapoanza kutoka, si kitovuni. Mbavuni pengo liwe kubwa, hata kiganja kizima, mlizibe kwa ngozi ya sofa inayoning'inia nyuma ya mikanda. Chini mfungieni mkanda mpana wa kitambaa chekundu. Akida ni mkubwa wa askari mia, atavaa tofauti na vijana wake na hakuna atakayeshangaa. Mpeni kiti cha kujaribia, yeye ndiye anayekaa muda mrefu.

Swali (Njiro, Arusha): Kaka nimeshakata kwapa kupita kiasi, upande mmoja sentimita 4 zaidi. Ndiyo basi?

Bado. Kama ni PVC, kata kiraka kutoka bomba lilelile, kilainishe kikae kwa ndani, paka gundi ya mabomba pande zote mbili, bana, acha mpaka kesho yake. Juu ya kiungo pitisha puti ya mafundi magari, piga msasa. Kama ni pipa, gundi za kawaida hazitashika. Kiraka kipigwe ripiti, na upande wa pili upigwe vilevile ili ionekane ni pambo. Au ongeza upana wa kipande cha bega. Hiyo ndiyo ningeanza nayo.

Swali (Pasua): Rangi ya spreyi inabanduka kwenye pipa kama ngozi ya nyoka. Tumepaka koti tatu.

Koti kumi zitabanduka pia. HDPE haishikani na rangi. Futa kwa spiriti, kwaruza kwa msasa, kisha pitisha ndimi za buluu za jiko la gesi haraka juu ya uso wa plastiki, bila kusimama mahali pamoja. Hilo linaibadilisha ngozi ya juu na rangi inashika zaidi. Fanyeni nje, na ajaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa yule mwenye mkono mwepesi. Hata hivyo pale panapokunjwa patabanduka tu. Mimi kwa kifua huwa navisha ngozi ya sofa ya kahawia, napiga ripiti kingoni, narudisha rangi ya fedha kwenye PVC peke yake.

Swali (Kijenge): Dada yenu nina watoto wa Sunday school, miaka 7 mpaka 10, wanataka dirii kama za kaka zao. Vipimo nipunguze kwa kiasi gani?

Dada, usipunguze vipimo, badilisha malighafi. Watoto wanakimbia na kuangukiana, na plastiki ngumu shingoni ni hatari. Tumia sponji ngumu ya milimita 10 au mikeka ya mazoezi, inakatwa kwa kisu na kushika gundi ya viatu. Mpangilio wa hatua ni uleule, kujikumbatia na kuchuchumaa, ila mabegani weka velkro badala ya ripiti ili ikivutwa iachie yenyewe. Gundi hiyo ipake wewe, mlango ukiwa wazi.

Swali (Sakina): Tunaweza kuvaa tukiwa nyumbani, tupande boda mpaka kanisani?

Hapana. Hamtaona pembeni, na dirii ikigonga mgongo wa dereva kila tuta mtashushwa njiani pale Mianzini. Wekeni kwenye kiroba, mvalie kanisani nusu saa kabla, kila mtu na mfungaji wake.