Masta ya elimu ya muziki: anza na swali lako, chuo kitafuata

Kama unafundisha muziki, iwe shuleni, kwenye kwaya au una wanafunzi wa kinanda mmoja mmoja, na unafikiria kusoma masta au hata PhD ya elimu ya muziki, huu mwongozo ni wako. Nimesoma hii kitu na bado nafundisha, na watu wakiniletea maandiko yao ya utafiti niwasomee naona jambo lilelile kila mara: wanatafuta chuo kwanza halafu ndo wanahangaika na swali la kutafiti. Geuza. Swali ndo litakwambia usome kozi gani na usimamiwe na nani.

Hatua ya 1: jirekodi ukifundisha

Weka simu kona ya darasa, rekodi kipindi cha kawaida kabisa, sio kile ulichokiandaa kwa ajili ya wageni. Rekodi viwili au vitatu. Ukiangalia usitafute makosa yako, tafuta sehemu inayokushangaza, mfano mtoto anapotea kila akisoma nota lakini akipiga makofi pamoja na jirani yake mdundo unakaa sawa, au sauti ya pili ya kwaya inateleza kwenda kwenye ya kwanza kila mkifika mstari uleule. Andika dakika na sekunde ya hiyo sehemu na kilichotokea. Usiandike sababu bado, sababu utakuja kuitafuta.

Hatua ya 2: tengeneza swali (hapa usiharakishe)

"Umuhimu wa muziki kwa watoto" sio swali, hicho ni kichwa cha hotuba. "Je, muziki unaongeza akili?" ni swali lakini kwa masta litakumaliza. Na kwenye hilo la akili kuwa makini sana manake watu wengi wanataja ule utafiti wa mwaka 1993 wa kusikiliza muziki wa Mozart bila kuusoma, walioshiriki walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu 36, watoto hawakuwepo kabisa, walisikiliza kwa dakika 10 na kilichopanda ni alama za majaribio ya maumbo na nafasi tu, tena kwa muda wa robo saa hivi basi. Ukiandika kwamba utafiti huo ulithibitisha muziki unawafanya watoto kuwa na akili, msomaji anayeujua anafunga andiko lako hapohapo.

Swali zuri unaweza kulionyesha kwa kidole kwenye video yako. Tuseme umeona yule wa makofi. Jaribu: "Watoto wa miaka 9 na 10 wanaojifunza mdundo kwa kusikia wanasahihishanaje pale mwalimu anapokaa kimya?" Hapo ndani kuna umri, kuna kitendo, kuna mazingira, na unajua kabisa utaangalia nini ukiingia darasani. Jipime na kitu kimoja: ukiambiwa uende kesho kukusanya data, utajua kamera uielekeze wapi? Kama hujui basi swali bado pana, rudi ukakate tena.

Wala usiogope udogo. Lucy Green, mtafiti wa London, aliwahoji wanamuziki 14 tu wa muziki wa kisasa kuhusu walivyojifunza, yaani kusikiliza na kuiga rekodi, kufundishana wenyewe kwa wenyewe, na kazi hiyo ikabadilisha namna masomo ya muziki yanavyofikiriwa kwenye shule nyingi.

Hatua ya 3: soma, ila soma ukiwa na swali mkononi

Kuna majina manne ya walimu wa muziki utakutana nayo kila kona: Dalcroze, Kodály, Orff na Suzuki. Usiyakariri kama orodha ya mbinu, jiulize kila mmoja alikuwa anatatua nini. Dalcroze alikuwa anafundisha Geneva na aliona wanafunzi wana vidole vizuri lakini mdundo hawausikii mwilini, ndo akaanza kuwatembeza na kuwachezesha. Suzuki alishangaa jinsi watoto wadogo wanavyoimudu lugha ya mama bila shida, akauliza kwa nini violin isifundishwe hivyo. Wote wawili walianza na kitu walichokiona, kama wewe hapo juu. Na usiseme ishara za mikono za solfa aligundua Kodály, zilitoka kwa John Curwen wa Uingereza karne ya 19, na Curwen nae solfa yake aliijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover.

Ukishatoka hapo ingia kwenye ule mjadala mkubwa wa falsafa: Bennett Reimer anasema thamani ya muziki iko kwenye kuuhisi na kuuelewa kama sanaa, David Elliott mwaka 1995 akajibu kwamba muziki kwanza ni kitu watu wanachokifanya, kwa hiyo ufundishwe kwa kuufanya. Lazima ujue wewe umesimama wapi maana msimamo wako ndo utaamua unaita nini "kujifunza" kwenye tasnifu. Weka kila unachosoma kwenye Zotero, programu ya kutunza vyanzo vyako, tangu siku ya kwanza, ni bure.

Hatua ya 4: kozi na msimamizi

Uliza mapema kozi ina utafiti kiasi gani na upigaji kiasi gani. Nyingine zinataka odisheni, nyingine zinataka video ukifundisha, nyingine ni madarasa na tasnifu tu. Angalia pia iko chini ya idara gani: ikiwa ya ualimu utafundishwa mbinu za utafiti vizuri ila unaweza kukosa mtu wa kusikia muziki wenyewe kwenye data yako, ikiwa ya muziki inaweza kuwa kinyume chake. Mimi ningeomba wasimamizi wawili, mmoja kila upande, vyuo vingi vinakubali ukiomba mapema. Unapomwandikia msimamizi usimtumie maisha yako yote, mpe swali, aya moja ya ulichokiona, na utaje kazi yake moja uliyoisoma kweli.

Hatua ya 5: kibali

Ukitafiti watoto unahitaji kibali cha maadili cha chuo, ruhusa ya shule, saini ya mzazi, na mtoto mwenyewe akubali kwa maneno anayoyaelewa. Kama ni wanafunzi wako mwenyewe kuna shida nyingine, mtoto ataogopa kumkatalia mwalimu wake, kwa hiyo mwombe mtu mwingine akusanye ruhusa. Anayekataa anabaki darasani anaimba kama wenzake, ila kamera haimwelekei.

Hatua ya 6: data na kuandika

Kurekodi ni rahisi, kuchambua ndo kazi, hivyo chagua vipande vichache vinavyojibu swali na uvisikilize mpaka uvijue kwa moyo. ELAN ni programu ya bure ya kuandika juu ya video nani kafanya nini sekunde gani, na Sonic Visualiser inakuonyesha mdundo na sauti zilivyo hasa. Kipande muhimu kiandike kwa nota au solfa kwenye MuseScore, programu ya kuandikia muziki, ukiweke ndani ya tasnifu. Tasnifu nyingi za elimu ya muziki zina mahojiano mengi na muziki wenyewe hausikiki popote, inaniuma sana hii, manake mtoto aliimba kitu pale na wewe ulikuwepo.

Sura ya matokeo ianze kuandikwa wakati bado unachambua, usingoje. Siku ya kutetea nenda na vile vipande vyako kwenye laptop na spika ndogo, wakikuuliza umejuaje kwamba mtoto alimsahihisha mwenzake, wape dakika na sekunde halafu bonyeza wasikie.