Kadi za mkopo baada ya kustaafu Marekani: la kufanya kabla na baada ya mshahara wa mwisho

Kazi yangu ni kujaza fomu za kodi, na wateja wangu wengi ni Waswahili waliofanya kazi Marekani miaka mingi, manesi na madereva kwa wingi. Anayekaribia kutundika daluga huniuliza swali lile lile: "Hizi kadi nizikate?" Namjibu asubiri kwanza. Zipo za kufunga na zipo za kubaki nazo, na mengine ni lazima yafanyike mshahara ukiwa bado unaingia.

Hatua ya 1: Zianike kadi zote mezani

Chukua karatasi. Kwa kila kadi andika mwaka ulioifungua, limiti, deni lililopo, riba, ada ya mwaka na tarehe ya mwisho ya kulipa. Usisahau kadi za maduka. Kuna watu wana kadi ya duka la fanicha waliyoitumia mara moja tu.

Kisha tazama deni. Ukidaiwa dola 4,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, riba ya mwezi mmoja tu ni kama dola 80. Ukilipa 120, deni limeshuka kwa 40. Mwenye ovataimu anaweza kulivumilia hilo. Wa pensheni ataumia. Tangu sheria ya kadi ya mwaka 2009, taarifa yako ya mwezi ina kijedwali kinachokuambia utachukua muda gani ukilipa kile kiwango cha chini tu, na ulipe kiasi gani kila mwezi ili umalize ndani ya miaka 3. Kisome. Anza na kadi yenye riba kubwa, na ovataimu za mwisho zielekee huko. Kuhusu kuchota 401(k), yaani akiba ya uzeeni ya kazini, ili kulipa kadi, tuzungumze kabla hujachota: kwenye akaunti ya kawaida (ile uliyoweka hela kabla ya kukatwa kodi), hela hiyo inahesabiwa kuwa kipato na inatozwa kodi.

Hatua ya 2: Omba mapema

Kama unataka kadi isiyokata ada ya matumizi ya nje ya nchi, iombe ukiwa bado na hati ya mshahara. Ukishastaafu bado unaweza kuomba. Sheria ya mwaka 1974 inamkataza mkopeshaji kukubagua kwa sababu ya umri au kupuuza pensheni yako. Ila kipato kimepungua, na limiti hufuata kipato. Fomu ikiuliza kipato cha mwaka, jumlisha Social Security (malipo ya uzeeni ya serikali), pensheni, unachochota kwenye akaunti ya uzeeni, na kipato cha mwenzi wako ambacho kweli mnakitumia pamoja. Usiongeze chumvi, kudanganya kwenye fomu ya mkopo ni kosa la jinai.

Hatua ya 3: Funga kwa hesabu

Hapa ndipo wengi huharibu. Alama za FICO, zinazowaonyesha wakopeshaji jinsi unavyolipa madeni, hutazama, pamoja na mengine, umetumia sehemu gani ya limiti zako zote. Tuseme una kadi tatu zenye limiti ya 10,000, 8,000 na 2,000, na unadaiwa 1,500. Umetumia asilimia 7.5. Ukifunga zile mbili kubwa kwa sababu "sizihitaji tena", deni ni lile lile, lakini sasa umetumia asilimia 75, na alama zinaporomoka. Mzee atauliza alama za nini wakati nyumba anayo. Zinatazamwa ukitaka kupanga nyumba karibu na wajukuu, na katika majimbo mengi hata kwenye bei ya bima ya gari.

Mimi hupendekeza kubaki na mbili au tatu: ile ya zamani zaidi isiyo na ada, na moja ya safari. Yenye ada ya mwaka usiyoifaidi, piga simu uombe wakugeuzie iwe ya bure kabla ya kuifunga. Na inayobaki isilale, kwa sababu benki inaweza kufunga kadi isiyotumika bila kukupa taarifa. Iwekee bili moja ndogo, ya simu kwa mfano, na uagize benki ilipe deni lote yenyewe kila mwezi.

Hatua ya 4: Linganisha tarehe

Social Security haiingii tarehe za mshahara wako wa zamani. Kwa wengi wanaoanza kulipwa sasa, waliozaliwa tarehe 1 hadi 10 hulipwa Jumatano ya pili ya mwezi, 11 hadi 20 Jumatano ya tatu, waliobaki Jumatano ya nne. Aliyezaliwa tarehe 14 basi hupata hela yake kati ya tarehe 15 na 21. Kadi yake ikidai tarehe 12, kila mwezi atakuwa anahangaika. Benki nyingi hukubali kuhamisha tarehe ya kulipa; aombe tarehe 25. Ni simu ya dakika chache.

Hatua ya 5: Kama unarudi nyumbani

Usiitupe laini ya Marekani. Msimbo wa uthibitisho hutumwa kwa namba hiyo, na baadhi ya benki hukataa namba za intaneti. Hamia kifurushi cha bei ya chini kabisa kinachopokea ujumbe ukiwa nje. Anwani ya barua iwe ya mtoto au ndugu anayefungua bahasha kweli.

Dukani Mombasa au Arusha, mashine ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, chagua shilingi. Ukichagua dola, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na mara nyingi ni kibaya. Kadi ya mkopo usiitolee pesa kwenye ATM: ada inakatwa na riba huanza siku hiyo hiyo. Kwa pesa taslimu tumia kadi ya kawaida ya benki.

Kabla ya kupanda ndege, funga faili zako za mkopo kwenye kampuni tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo: Equifax, Experian na TransUnion. Ni bure tangu 2018, na tapeli akiomba mkopo kwa jina lako atagonga ukuta. Utazifungua siku ukiomba kadi mpya.

Hatua ya 6: Waambie watoto

Mtoto uliyemwongeza tu kama mtumiaji wa kadi hawajibiki na deni lako ukifariki, lakini pia haruhusiwi kuendelea kuitumia. Aliyesaini pamoja nawe anawajibika, na kwenye majimbo kama Texas na California hata mwenzi asiyesaini anaweza kudaiwa. Kwetu msibani hutangazwa, "anayemdai marehemu ajitokeze," na wakusanya madeni hunufaika sana na moyo huo. Deni la kadi hulipwa kutoka mali aliyoiacha marehemu. Akipigiwa simu, mtoto aombe maelezo kwa maandishi, asitoe namba ya akaunti yake, na asiahidi kulipa chochote kabla hajauliza mwanasheria.