SOMO: Land Rover 109 pikapu, kadi ya gari na namba ya chasisi: maliza karatasi kabla ya kuchomelea

Wakuu, pikapu ya zamani haiwashindi watu kwa injini wala kwa bodi. Gari linapakwa rangi, linanguruma vizuri, halafu linakwama siku ya ukaguzi kwa sababu namba iliyo kwenye chuma haifanani na iliyo kwenye kadi. Somo hili ni la Tanzania, na mfano ni Land Rover 109 Series III (1971 hadi 1985; 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma). Wenye Hilux na Land Cruiser, utaratibu ni huohuo. Kwenu namba imegongwa kwenye reli ya fremu, mbele kulia, karibu na tairi.

1. Soma namba kabla ya kutoa hela

Kwenye 109 angalia sehemu tatu. Ya kwanza ni chasisi yenyewe, yaani fremu ya chuma inayobeba gari: namba imegongwa mbele kulia, kwenye mkono unaoshika springi. Ya pili ni kibao kilichopo ndani ya kabini. Ya tatu ni injini. Kwa injini ya asili ya lita 2.25, namba iko kwenye blok, kushoto mbele, jirani na manifoldi ya ekzosi.

109 nyingi za miaka ya 1970 zina tarakimu nane na herufi moja mwishoni, mfano 91212345B. Tatu za kwanza zinaeleza aina ya gari, tano zinazofuata ni namba yake ya mfululizo, na herufi inaonyesha mabadiliko ya kiwandani. Herufi hiyo ndiyo inayorukwa kirahisi kwenye kadi za zamani. Magari ya baadaye yana herufi na tarakimu 17 zinazoanza na SAL. Mfumo huo wa 17 hautumii kabisa I, O wala Q, kwa hiyo ukiona O kwenye kadi, jua karani alikusudia sifuri.

2. Kufichua namba bila kuiua

Hapa ndipo magari mengi yanapoharibiwa, tena na fundi mwenye nia njema. Anaona kutu, anachukua grinda, na baada ya sekunde tano namba imeondoka. Namba za miaka hiyo hazikugongwa kwa kina kirefu, na kutu imeshazila nusu.

Fanya hivi. Lowesha tope na grisi kwa dizeli, acha nusu saa, kisha kwangua kwa kijiti cha mbao au plastiki. Rangi ya zamani itoe kwa tina (thinner) na kitambaa. Kutu ipake siki, iache saa kadhaa, halafu sugua kwa brashi laini ya waya, kwa mkono tu. Pakikauka, paka chaki nyeupe na ufute juu juu. Chaki itabaki kwenye mashimo. Mulika tochi kutoka ubavuni, si usoni. Weka karatasi nyembamba juu yake na upitishe penseli ikiwa imelala, upate nakala. Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni.

Kama gari linakwenda kupigwa mchanga, funika eneo hilo kwa grisi na bati dogo lililofungwa imara. Ukimaliza, paka praima nyepesi tu. Usiweke bodifila hapo hata tone.

3. Nani hasa ni mmiliki?

Chukua kadi halisi, si kivuli, kisha nenda TRA (Mamlaka ya Mapato, inayosajili magari) pamoja na aliyeandikwa kwenye kadi, mhakikishe taarifa zilizo kwenye mfumo. Kadi za zamani zimepita mikono mingi kwa mikataba ya mdomo. Muuzaji wa leo anaweza kuwa mtu wa nne, na hakuna hata mmoja aliyehamisha umiliki. TRA inamtambua aliyeandikwa, basi. Mtafute huyo.

Akiwa amefariki, muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua ya uteuzi mkononi.

109 nyingi zilikuwa za serikali au mashirika ya umma, zikauzwa kwa mnada zikiwa na namba za ST au SU. Bila risiti ya mnada na barua ya taasisi iliyouza, usitoe hata malipo ya awali.

4. Chasisi iliyooza

Bodi ya 109 ni aluminiamu na hudumu, lakini chasisi ni chuma, na mikono ya springi ni kati ya sehemu zinazooza mapema. Yaani namba imewekwa palepale panapooza. Kutia kiraka cha bamba la milimita 3 kuzunguka namba, huku namba ikibaki mahali pake, ni matengenezo. Kukata kipande chenye namba na kukichomelea kwenye chasisi nyingine ni kughushi, hata kama vyote viwili ni mali yako halali. Mkaguzi ataona mshono, na hataweza kukutofautisha na mwizi.

Kama mkono huo hauponi, simama kabla ya kukata. Peleka picha, nakala ya penseli na kadi kwa mkaguzi wa magari wa polisi, upate maelekezo kwa maandishi. Kugonga namba mwenyewe kwa pachi za dukani (vyuma vya kugongea namba) ni kosa la jinai.

5. Injini, rangi, aina ya bodi

Ukiweka injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, au nyingine, tunza risiti inayoonyesha namba yake. Baada ya ukaguzi wa polisi, omba TRA ibadilishe taarifa kwenye kadi. Vivyo hivyo kwa rangi, au kwa stesheni wagoni iliyogeuzwa pikapu. Fanya yote kwa pamoja, gari likiwa limekamilika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kadi ina tarakimu moja tofauti na chasisi: kadi 3, chuma 8. Nifanyeje?
Kwanza hakikisha ni 8 kweli; kutu huweza kujaza 3 ikaonekana 8, na ndiyo sababu ya chaki na tochi. Ikiwa ni 8, chuma ndicho kinachoaminika. Ukaguzi wa polisi, kisha marekebisho TRA. Mwenye kadi alifanye hilo kabla ya kukuuzia.

Kibao kipo, chasisi haina namba kabisa. Bei ni ya kutupa.
Kibao kinashikwa na skrubu au riveti, kinahamishika kwa dakika mbili. Achana nalo, ndugu, au nunua kama spea kwa bei ya spea.

Kadi imepotea.
Mmiliki aliyesajiliwa aripoti polisi, achukue taarifa ya upotevu, aombe kadi mbadala TRA. Wewe mnunuzi huwezi kuiomba kwa jina lake.

Nina chasisi nzima yenye kadi yake, na bodi nzuri ya gari langu lililooza. Naunganisha?
Unaruhusiwa, ila gari litakuwa lile la chasisi: namba yake ya usajili na kadi yake. Badilisha taarifa za bodi, rangi na injini kwenye kadi hiyo. Gari la zamani omba lifutwe kwenye usajili, na namba zake usizibandike popote.