Kamba ya sentimita 30: kumwandaa mkimbiaji asiyeona na mwongozaji wake

Mkimbiaji asiyeona anayelenga timu ya taifa ya Paralimpiki anaweza kuwa na miguu mizuri sana, kisha akaenguliwa kwa sababu ya kamba inayounganisha mkono wake na wa mwongozaji, au kwa hatua moja ya mwongozaji. Kwa hiyo kocha wa Mbeya, Iringa au Njombe aandae watu wawili tangu siku ya kwanza.

Kwanza macho. Wakimbiaji hugawanywa kwa madaraja ya uoni. T11 ni wasioona kabisa au karibu kabisa: huzibwa macho na hukimbia na mwongozaji. T12 huona kidogo, na ni hiari yao kuwa na mwongozaji. T13 hukimbia peke yao. Daraja hutolewa na wapimaji wa kimataifa, lakini fomu ya kitabibu hujazwa nyumbani na daktari bingwa wa macho. Mwombe apime na upana wa kuona, maana mwanariadha anaweza kusoma herufi za ukutani vizuri huku pembeni haoni kitu. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, nao wapimwe. Jua la nyanda za juu huunguza hata kukiwa na baridi, hivyo mazoezi yao yaishe kabla ya saa 3 asubuhi au yaanze baada ya saa 10 jioni, kwa kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua.

Sasa kamba. Kanuni inataka isizidi sentimita 30 ikinyooshwa, na isiwe ya kuvutika. Vipande vya mpira wa baiskeli, ambavyo ndivyo vya kwanza kuonekana mtaani, havifai: mpira huvutika kisha humrusha mtu mbele, na hiyo ni kumsukuma. Nailoni huteleza mkono ukitoa jasho. Chukua mkanda bapa wa pamba, kama kamba pana ya viatu, urefu wa sentimita 75 hivi. Funga ncha zake upate duara, kisha piga fundo katikati upate vitanzi viwili, kimoja cha kila mkono. Vuta kwa nguvu, pima kutoka ncha ya kitanzi kimoja hadi ya kingine. Ikisoma 26 hadi 28 umepata. Ikizidi, sogeza fundo la ncha. Iloweshe, ivute tena, pima upya. Tengeneza tatu zinazofanana.

Kizibo cha macho kijaribiwe kwa tochi ya simu. Mwanga ukipenya kando ya pua, ongeza sponji hapo.

Mwongozaji lazima awe na kasi ya akiba. Mwanariadha wako akimaliza mita 400 kwa sekunde 60, tafuta mtu wa 55 au chini ya hapo, maana atakuwa anaongea, anaangalia mstari na, akiwa upande wa nje, anakimbia zaidi. Akiwa sentimita 60 nje ya mwenzake, mzunguko mmoja humwongezea karibu mita 3.8. Ndiyo sababu mwongozaji mwenye kasi sawa na mwanariadha huanza kubaki kwenye kona ya pili, kamba inakaza, na mwanariadha anavutwa bega.

Mikono iliyoshikana huenda mbele na kurudi pamoja, kwa hiyo miguu ya nje ya wote wawili hutua pamoja, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Wiki mbili za kwanza watembee tu hivyo, mita 50 mara kumi, huku mwongozaji akihesabu "nje, ndani". Kisha mwendo wa polepole, kisha mbio. Ukiona kamba inarukaruka, hatua zimeachana. Wasimamishe, waanze upya. Anayebadilisha urefu wa hatua ni mwongozaji, kamwe si mwanariadha.

Maneno yawe machache na yasibadilike: "kona", "nyoosha", "hamsini" na "kumi" (mita zilizobaki), "kifua". Neno "kona" lisemwe hatua tatu kabla, si mkiwa mmeshafika.

Uwanja wa mpira wa kawaida hautoshi mzunguko wa mita 400, kwa hiyo pima mita 100 zilizonyooka kwa futi kamba na uchore kwa chokaa. Tembea mstari wote kabla ya kila mazoezi, ufukie mashimo. Masika udongo wa Rungwe huteleza vibaya; siku hizo fanyeni mazoezi ya nguvu ndani. Kwa mbio ndefu, barabara za vumbi za msitu wa Sao Hill karibu na Mafinga ni laini, ila sikilizeni magari ya magogo. Barabara kuu ya Tunduma iacheni kabisa.

Mwisho ndipo wengi huharibu. Mwanariadha lazima avuke mstari kabla ya mwongozaji wake, na kamba isiachwe kabla ya kuvuka. Paris mwaka 2024, katika marathoni ya T12, Elena Congost wa Hispania alikuwa wa tatu. Mita chache kabla ya kumaliza aliachia kamba ili amdake mwongozaji wake aliyekuwa anaanguka. Akaenguliwa. Kwa hiyo kila siku ya mazoezi malizieni na mita 20 za mwisho mara sita: kwenye "kumi" mwongozaji anarudi nusu hatua, kwenye "kifua" mwanariadha anainama, na mkono wa kamba unabaki umefungwa hadi mita tano baada ya mstari. Nusu ya marudio hayo yafanyeni wakiwa wamechoka kabisa, kwa sababu vidole hulegea mtu akichoka.